Muuguzi akikuta mtoto wa kliniki amekeketwa afanye nini, na siri ya mgonjwa je?

Marahaba sista, na pole na hiyo hali. Nalifupisha swali lako kwanza ili na wengine wajue tunaongelea nini.

Anayeuliza ni muuguzi wa zahanati moja ya kijijini huku Dodoma. Siku ya kliniki ya watoto kaletewa mtoto wa kike wa miezi 9, kaja kuchanjwa surua na rubela. Wakati wa kupima uzito nepi ikavuliwa, akaona kidonda kinachoelekea kuwa kovu, mtoto kakeketwa. Mama wa mtoto ana miaka 17, anaishi ukweni, na alipoulizwa kasema bibi wa mtoto ndo "alimtoa lawalawa" wiki chache nyuma, yani alimkata akiamini anamtibu ugonjwa, nitaeleza mbele. Sista kampelekea mganga mfawidhi, akaambiwa achana nayo, ukianza hayo mambo utatufukuzia akina mama wote kliniki. Sasa anauliza: ni lazima nitoe taarifa? Siri ya mgonjwa je? Nitaitwa mahakamani? Leseni yangu iko salama? Halafu mwisho kabisa, kama anapita tu, kaandika kwamba alipiga picha kwa simu akamtumia rafiki yake wa hospitali kubwa ili amshauri. Hiyo picha nayo tutairudia, tena kwa kirefu.

Jibu fupi ni ndiyo, unatakiwa utoe taarifa, na mfawidhi hana mamlaka ya kukwambia usitoe. Ila jibu fupi halitakusaidia sana kwa sababu nikisoma ulivyoandika naona kinachokutisha siyo sheria yenyewe, unachokiona wewe ni kwamba ukitoa taarifa leo basi kesho asubuhi difenda la polisi linaingia kijijini, linambeba bibi na mkwe na huyo binti, na kijiji kizima kinajua ni nesi ndo kasema. Mara nyingi haiendi hivyo, na sehemu kubwa ya namna itakavyokwenda inategemea wewe umeandika nini na umempelekea nani.

Sheria kwanza. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, yenyewe ni Sura ya 13 kwenye vitabu, kifungu cha 95 kinasema ni wajibu wa mtu yeyote kwenye jamii, akiwa na ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu anayekaa na mtoto ana uwezo lakini hampi chakula, malazi, mavazi, matibabu na kadhalika, kupeleka taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Mtu yeyote. Haijasema daktari, haijasema mkuu wa kituo, na wala haijasema uwe umeshuhudia wembe ukitembea, imesema ushahidi au taarifa, na wewe una vyote viwili maana umeona kwa macho na umeambiwa na mama mtu. (Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la 2019. Toleo la sheria zilizorekebishwa la 2023 limeanza kutumika Julai 1, 2025, kwa hiyo ukishika kitabu kipya ukakuta namba imesogea usishtuke, tafuta maneno yenyewe.)

Kuhusu kitendo chenyewe hakuna ubishi. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo hiyo kinakataza kumtesa mtoto au kumfanyia ukatili, na kimetaja waziwazi mila yoyote inayomdhalilisha au kumuumiza mwili na akili. Adhabu yake ni faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote. Halafu kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, kilichoingizwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, hicho ndo kinataja ukeketaji kwa jina: mtu mwenye malezi au uangalizi wa mtu wa chini ya miaka 18 akimkeketa au akisababisha akeketwe, kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi laki 3, au vyote, na mahakama inaamuru fidia kwa aliyeumizwa. Hiyo laki 3 mi huwa inanikera kusema kweli, ni mbuzi wachache tu wa mnadani, lakini ndo ilivyo, na hakimu akiamua anaweza kutoa kifungo.

Sasa hii lawalawa, kwa ambao hawajafanya kazi Dodoma au Singida. Mtoto wa kike anapata muwasho, vipele, uchafu ukeni au anakojoa kwa kulia, yani maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo au ukeni, na baadhi ya wazee wanaamini dawa yake ni kukata. Imani hii ilishika sana miaka ya 1970 wakati serikali imeshaanza kukemea ukeketaji, na matokeo yake kitu kilichokuwa kinafanyika kwa wasichana wakubwa, kwa ngoma na watu wakijua, kikahamia kwa vichanga, kimya kimya, na familia inakuwa na jibu tayari kwamba tulikuwa tunatibu ugonjwa. Ndo maana nasema muuguzi wa kliniki ya watoto kanda hii ya kati ana nafasi ambayo polisi hana na mwalimu hana, nyie ndo mnaovua nepi. Akifika darasa la kwanza hakuna tena atakayejua, hata yeye mwenyewe hajui.

Na usije ukadhani yameisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ule wa 2022 ukakuta asilimia 18. Ni kushuka kwa kufurahisha, lakini mi huwa nazisoma hizo namba taratibu kwa sababu wanaoulizwa ni wanawake wenyewe, na aliyekatwa ana miezi 4 anaweza asijue, na anayejua kwamba kuna kifungo ana sababu nzuri tu ya kusema hapana. Ila pia usitembee na dhana kwamba kila mama wa Kigogo au wa Kinyaturu anayeingia kliniki kaficha kitu, hiyo nayo ni dharau na wanaiona machoni kwako.

Kabla ya ripoti yoyote, mtoto ni mgonjwa. Kidonda kiangaliwe kama kina usaha au kinatoa damu, homa ipimwe, uangalie anakojoa vizuri, chanjo za wiki 6, 10 na 14 kama zimekamilika maana pepopunda iko humo ndani, na kama kidonda hakieleweki andika rufaa aende kituo cha afya au hospitali. Na hiyo lawalawa yenyewe itibu! Pima mkojo, kama kuna maambukizi apate dawa, mama aelekezwe usafi. Mama akishaona muwasho umeisha kwa dawa ya zahanati ana cha kumjibu mkwe siku akijaliwa mtoto mwingine wa kike, hapo umefanya kazi kuliko semina kumi. Chanjo aliyoijia apewe siku hiyo hiyo. Kuna vituo vimezoea kusema leta PF3 kwanza ndo tukuguse, hakuna sheria inayosema mtoto akae na kidonda akisubiri karatasi ya polisi, kinyume chake kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumnyima mtoto matibabu. Fomu itafuata.

Siri ya mgonjwa. Hapa ndo wauguzi wengi wanakwama, na nawaelewa, maana mmeapishwa, na maadili yenu chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 yanawabana kweli. Lakini jiulize swali moja, mgonjwa wako siku ile alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa miezi 9. Siri ni yake yeye, imewekwa kwa ajili yake, siyo ya bibi aliyemkata wala ya ukoo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto kinasema maslahi bora ya mtoto ndo yanatangulia kwenye kila jambo linalomhusu, iwe ni mahakama, ofisi ya serikali au taasisi ya ustawi, na sioni maslahi gani ya mtoto yanayolindwa na wewe kunyamaza. Mtoto hawezi kusema. Wewe ukinyamaza basi hakuna aliyesema.

Ila siri haifutiki kwa sababu kuna kosa, inabana tu kwenye mlango mdogo. Unampa taarifa anayetakiwa kuipokea kisheria na anayehusika na matibabu, basi. Siyo mwenzako wa shifti ya jioni asiyemhudumia mtoto, siyo mhudumu wa usafi, siyo mama mchungaji ingawa ni mtu mwema, na siyo grupu la wasap la stafu. Nimeshaona jambo zuri kabisa likaharibika kwa sababu kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na jina la mtoto, familia ikahama usiku na hakuna aliyewapata tena.

Na mama usimuahidi uongo. Usimwambie "hili linabaki kati yangu na wewe" halafu baada ya saa moja unampigia afisa ustawi. Mwambie kitu kama hiki: mdogo wangu, nimeona mtoto kaumizwa, kazi yangu inanilazimu nimwambie mtu wa ustawi wa jamii ili mtoto na wewe mpate msaada, sitamwambia mtu mwingine hapa kijijini. Mwambie mkiwa wawili, mama mkwe akiwa nje. Kama mkwe ndo kamsindikiza na hatoki mlangoni, tafuta sababu ya kawaida ya kazi, mwite mama peke yake chumba cha chanjo au cha uzazi wa mpango, hamna atakayeshangaa.

Haya, ile picha. Sista, hapa sitakubembeleza. Picha ya sehemu za siri za mtoto iko kwenye simu yako binafsi na sasa iko kwenye simu ya mtu mwingine. Nia yako ilikuwa ushauri wa kitabibu, nakuamini, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa ni taarifa nyeti, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la ponografia ya watoto ambalo hutaki hata kuanza kumueleza mpelelezi kwa nini wewe haikuhusu. Simu inaibiwa daladala ya kwenda mjini, au fundi wa Sabasaba anaifungua kubadilisha kioo, au picha inajihifadhi yenyewe kwenye galari ya rafiki yako na mwanae anaifungua, ndo imeshatoka hiyo. Mpigie rafiki afute leo, asimtumie mtu. Ya kwako usiitume popote tena, na usiifute kimya kimya kwa woga, mwambie afisa ustawi na daktari atakayempokea mtoto kwamba picha ipo na ilipigwa kwa sababu gani, uandike hivyo kwenye faili, wakwambie cha kufanya nayo. Siku nyingine ukitaka ushauri piga simu ueleze kwa maneno bila jina, au chora. Mchoro wa mkono kwenye faili wenye mshale unaoonyesha kidonda kiko wapi unakubalika kabisa na hauwezi kukuletea balaa.

Nikiwa hapo hapo kwenye kuandika. Kesi nyingi za watoto zinakufa kwenye karatasi kabla hazijafika mahakamani, na mtoto mchanga hana ushahidi mwingine zaidi ya mwili wake na daftari lako. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kujisimamia, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 127 baada ya marekebisho ya 2016 inaruhusu mtoto wa umri mdogo atoe ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli, lakini wa miezi 9 ataahidi nini. Kwa hiyo andika siku hiyo hiyo, usiandike kesho kwa kukumbuka. Andika tarehe na saa, nani kamleta mtoto na uhusiano wao, umeona nini na kiko upande gani na ukubwa gani, kimepona kwa kiasi gani, nani mwingine alikuwepo chumbani. Maneno ya mama yaandike kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu, na kama kasema Kigogo andika Kigogo hicho hicho halafu chini tafsiri. Usiandike "bibi amemkeketa mtoto" kama vile ulikuwepo, andika "mama anasema bibi wa mtoto alimtoa lawalawa". Tofauti yake ndo wakili wa utetezi anaishi humo. Ukikosea usifute kwa wino mweupe, piga mstari mmoja, weka saini.

Maelezo yote yakae kwenye faili au rejista ya kituo, siyo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Ile kadi inarudi nyumbani, inasomwa na mume, na mkwe, na jirani anayejua kusoma. Kwenye kadi andika tu tarehe ya kurudi kuangaliwa, na isiwe ile ya miezi 18 ya surua ya pili, mpe siku za karibu.

Taarifa inaenda wapi? Kifungu cha 95 kimesema mamlaka ya serikali za mitaa, kwa vitendo maana yake ni afisa ustawi wa jamii, wa kata kama yupo, kama hayupo basi wa halmashauri. Mpigie simu siku hiyo hiyo halafu fuatisha kwa maandishi, barua fupi ya ukurasa mmoja, ubaki na nakala iliyopokelewa. Mtendaji wa kijiji kisheria naye ni mamlaka, lakini kijijini mtendaji anaweza kuwa mtoto wa kaka yake bibi, kwa hiyo tumia akili, sheria haikulazimishi uanzie kwake. Kwenye vijiji na kata kuna kamati za MTAKUWWA, yani za mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, baadhi zinafanya kazi vizuri sana na baadhi ni majina tu kwenye karatasi, na kamati ina watu wengi, siri inavuja, mwachie afisa ustawi aamue lini awashirikishe. Kama mtoto yuko kwenye hatari ya sasa hivi, anavuja damu, au umesikia kuna mwingine anapangiwa kukatwa wiki hii, hapo usisubiri mtu wa ustawi arudi kutoka kikao, nenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto. Na namba 116 ni ya bure kwa mitandao yote, ni simu ya taifa ya huduma kwa mtoto, mtumishi naye anaruhusiwa kupiga, siyo ya watoto peke yao.

Baada ya hapo kinachotokea siyo lazima pingu. Afisa ustawi anafanya tathmini, anawaita wahusika, anaenda nyumbani. Pakiwa na sababu za kutosha, halmashauri inaweza kumuagiza aingie hiyo nyumba akiwa na polisi kuchunguza, na mtoto aliye hatarini anaweza kutolewa akapelekwa mahali salama kwa siku zisizozidi 7 kabla suala halijapelekwa mahakamani. Mahakama ya Watoto kwa sehemu nyingi ni mahakama hizi hizi tulizonazo zinakaa kwa namna nyingine, faragha, bila watu wa kusikiliza, na inaweza kutoa amri ya usimamizi, maana yake mtoto anabaki nyumbani lakini afisa ustawi ana haki ya kuingia na kutoka kumwangalia. Kwa familia kama hii, kama hakuna mwingine wa kumlea huyo mtoto, mimi ningetegemea kuona usimamizi kuliko kumtoa. Bibi na aliyekata hilo ni jambo jingine, huko ni jinai na ni kazi ya polisi na mwendesha mashtaka, siyo yako wewe kuamua wala kuomba wasamehewe.

Sasa kitu ambacho hukukiuliza na ndo kilichonifanya niandike kirefu hivi. Huyo mama ana miaka 17. Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, hakijasema isipokuwa akishazaa. Siku ile ulikuwa na watoto wawili mbele yako, na ulimwona mmoja. Kazaa akiwa na 16 au 17, maana yake mimba ilitungwa akiwa na 15 au 16, kaolewa lini, kwa hiari ya nani, aliacha shule au alimaliza? Kama alikuwa mwanafunzi wa msingi au sekondari alipoolewa na huyo mumewe au alipopewa mimba, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanasema ni kifungo cha miaka 30. Kama hakuwa mwanafunzi basi tunaingia kwenye ule mkanganyiko wetu maarufu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani Oktoba 2019 ikakubaliana nayo na serikali ikatakiwa irekebishe. Sitakupeleka huko kwote. Ninachotaka ujue ni kwamba siyo kazi yako kupanga ipi ni ndoa na ipi ni jinai, kazi yako ni kwenye ile barua ya ukurasa mmoja kuandika umri wa mama kama ulivyo kwenye kadi. Mstari mmoja tu, afisa ustawi anayejua kazi yake ataelewa.

Na huo umri unabadilisha pia namna ya kumtazama kwenye hili tukio. Msichana wa miaka 17 ukweni, hana kipato, kamuachia mama mkwe mtoto akaenda shamba au kuchota maji, karudi kakuta kimeshafanyika. Unaweza kumuita mzembe ukitaka. Mi naona ni mtu aliyekwambia ukweli kwenye swali la kwanza wakati angeweza kusema mtoto kajikwangua, na mtu wa aina hiyo ndo shahidi ambaye polisi akimkemea siku ya kwanza anampoteza. Kwenye taarifa yako andika kwamba mama alitoa maelezo mwenyewe bila kulazimishwa. Hiyo sentensi itamkinga huko mbele kuliko unavyodhani.

Mahakamani, ndiyo, unaweza kuitwa. Wanaoitwa mara nyingi ni daktari au tabibu aliyejaza PF3, kwa sababu fomu hiyo haijazwi na muuguzi, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kifungu cha 240 inaruhusu ripoti ya kitabibu ipokelewe kama ushahidi ila mshtakiwa lazima aambiwe ana haki ya kutaka aliyeiandika aje aulizwe maswali. Wewe ukiitwa ni kama mtu wa kwanza kuona. Utapewa samansi, mwajiri anatakiwa akuruhusu, unaenda unasema ulichoona na ulichofanya, ulichoambiwa unasema umeambiwa. Wakili akikuuliza kama unajua nani kakata, jibu ni hapana sijui, na jibu hilo halikuaibishi hata kidogo. Kwa wanaoogopa kushtakiwa kuchafua jina la watu, taarifa uliyoipeleka kwa nia njema kwa ofisi yenye wajibu wa kuipokea siyo kashfa, ingekuwa kashfa kama ungeisema kwenye foleni ya maji. Na kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ukitishiwa mwambie afisa ustawi na polisi mara moja, kwa maandishi.

Mfawidhi. Usigombane naye. Mwandikie kwenye kitabu cha makabidhiano au barua kwamba tarehe fulani umemjulisha jambo hili, halafu endelea na taarifa yako ustawi, wajibu wa kifungu cha 95 ni wa kwako binafsi na hauombewi kibali. Akikuwekea ngumu kuna muuguzi mkuu wa wilaya na kuna DMO, yani mganga mkuu wa wilaya, nenda kwa mmoja wao kabla habari haijafika kwao kwa mdomo wa mtu mwingine. Kuhusu leseni, sijui ni nani anayewatisha wauguzi kwamba Baraza la Uuguzi na Ukunga litawafutia leseni kwa kutoa siri kwenye mambo kama haya, mi hatari naiona upande wa pili, mtoto wa pili wa nyumba hiyo akifa kwa kuvuja damu halafu faili lionyeshe nesi wa zahanati alijua na hakufanya kitu.

Ila hoja yake moja ina ukweli na siwezi kuipuuza, kwamba akina mama wanaweza kukimbia kliniki. Inatokea. Inatokea zaidi pale muuguzi anapopayuka mbele ya foleni, au anapogeuka mkaguzi, kila mtoto wa kike avuliwe aangaliwe kama vile mizigo ya bandarini, akina mama wanajua siku hiyo hiyo. Kumwangalia mtoto mwili mzima ni sehemu ya kawaida ya kliniki, wa kike na wa kiume, ukiwa unaongea na mama mambo mengine kabisa, vipele, uji, meno. Na kwenye elimu ya afya ya asubuhi ongelea muwasho wa watoto wa kike kama ugonjwa wenye dawa, bila hata kutaja jela. Mama akijua dawa ipo zahanati anamleta mtoto kabla ya bibi, na hapo huna cha kuripoti.

Kwa hiyo leo: rafiki yako afute picha, wewe kamilisha maandishi kwenye faili kama hukuyamaliza, ukiandika tarehe ya leo na siyo ya siku ile, halafu mpigie afisa ustawi. Namba yake iko ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri au kwa DMO. Ukikosa zote mbili piga 116, waeleze wilaya na kata, wakuunganishe.